Miezi 14 kwenye kikundi cha kupunguza uzito cha wanawake waliovuka 50: uzoefu wangu

Nilijiunga nikiwa na miaka 54, kilo 86 na urefu wa mita 1.60. Namba nazitanguliza kwa sababu hata mimi nikisoma maoni ya mtu kuhusu huduma ya namna hii, kitu cha kwanza kukitafuta ni alianza na ngapi na akaishia na ngapi. Haya: baada ya miezi 14 nina kilo 79. Kiuno kilikuwa sentimita 104, leo ni 95. Mwenye hamu ya zile picha za "kabla na baada" zinazomfanya mtu adondoshe simu, hapa hazipo. Binti yangu alipiga hesabu, akagundua ni nusu kilo kwa mwezi, akacheka. Nami nilicheka. Kisha nikamwambia anivutie kiti aone ninavyoinuka sasa bila kushika kitu.

Huduma yenyewe iko hivi. Tuko wanawake 12, mkubwa wetu ana miaka 68 na sote tunamwita Dada Mkubwa. Tunakutana mara moja kwa wiki kwa saa moja na nusu. Kuna msimamizi aliyesomea lishe, kuna mizani, kuna somo fupi, kuna mazoezi ya dakika 40, halafu maongezi. Ada hulipwa kila miezi mitatu, na muda huo wanauita awamu. Kila awamu unapangiwa mwenzako mmoja ambaye lazima mpigiane simu angalau mara mbili kwa wiki. Kwenye karatasi zao anaitwa "mshirika wa ufuatiliaji". Sisi tunamwita pacha.

Kukusanyika hivi si jambo la juzi. Mwaka 1948 Esther Manz alianzisha kikundi cha kupunguza uzito kiitwacho TOPS kule Milwaukee, Marekani, akiwa na wenzake wachache tu. Na mwaka 1961 Jean Nidetch wa New York aliwaita marafiki zake nyumbani kwake waambiane ukweli kuhusu wanachokula kwa kificho. Miaka miwili baadaye mazungumzo hayo yakawa kampuni ya Weight Watchers. Kwa hiyo ninachokisifia hapa hakikubuniwa na hawa waliochukua ada yangu. Ninachosema ni kwamba sehemu ile ya zamani kabisa, ya watu kukaa na kuambiana, ndiyo iliyonifaa. Vikorombwezo walivyoongeza wao, vingine sikuvihitaji.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza dayati zote anazoweza kuzifanya mtu peke yake. Mwisho wake ulikuwa mmoja: kilo tano zinatoka mwezi wa kwanza, kufika mwezi wa sita zimerudi na riba. Nilijaribu jimu pia. Mkufunzi, kijana wa umri wa mwanangu, aliniuliza lengo langu ni nini. Nikamjibu, magoti. Akaandika: tumbo.

Somo lililonibakiza lilikuwa la wiki ya tatu. Msimamizi alieleza kinachotokea mwilini hedhi inapokoma, jambo ambalo kwa wanawake wengi huja kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni, ile homoni ya kike, inaposhuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na makalioni huanza kuhamia tumboni. Misuli nayo huwa imeanza kupungua zamani, tangu miaka ya thelathini, kwa asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na ukipita 60 kasi inazidi. Misuli ndiyo inayochoma nishati hata ukiwa umelala, kwa hiyo ukila vilevile ulivyokuwa ukila na miaka 35, sasa utanenepa. Ongeza usiku wa kuamshwa na joto la ghafla, nguo zimelowa jasho. Mtu aliyelala vipande vipande huamka na njaa zaidi. Alipofika hapo chumba kilikuwa kimya kabisa, kisha sauti ikatoka nyuma: "Kwa hiyo miaka yote hii namtubia Mungu ulafi ambao sikuufanya?" Tulicheka mpaka somo likaishia hapo.

Mimi nilicheka na machozi yakanitoka. Miaka mitatu nilikuwa najiona sina msimamo.

Kwenye chakula hawakutupa orodha ya kukariri, na hilo nawapa alama. Walisisitiza protini ipatikane katika kila mlo badala ya kuirundika jioni, mboga zijae nusu ya sahani, na tusikimbilie kujinyima. Sababu ni kwamba ukipunguza chakula sana na misuli huipi kazi, sehemu ya kilo unazoshangilia ni misuli yenyewe. Mifupa nayo, miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, hupungua uimara kwa haraka. Ndiyo maana mazoezi yetu ni ya kukaa na kuinuka kitini, kuvuta mipira ya kunyumbulika, kubeba chupa za maji, kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta, na baadaye bila ukuta. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kazi ya misuli. Nilipozisikia dakika 150 nilidhani wanaongea na wanariadha. Kumbe ni kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano.

Sasa pacha.

Pacha wangu wa kwanza ni mwalimu mstaafu anayemuuguza mume aliyepata kiharusi. Wiki ya kwanza nilimpigia kama nilivyoelekezwa, nikamuuliza amekula nini. Akanijibu kama anajibu polisi. Wiki ya pili alipiga yeye, saa tatu usiku, akasema, "Shoga, usiniulize chakula. Ongea chochote." Nikaongea. Nikamsimulia bomba lililopasuka, mjukuu aliyekata nywele za mwanasesere, upuuzi mtupu. Baada ya dakika ishirini akasema ahsante, akakata. Ilinichukua muda kuelewa kwamba saa tatu ndiyo saa yake mbaya. Mgonjwa ameshalala, nyumba imetulia, na yeye husimama jikoni akala gizani, kwa sababu ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna anayemhitaji. Hakuwa anataka ushauri wangu wa protini. Alitaka ile saa ipite.

Miezi mitatu ile sikumpa ushauri hata mmoja, na alipungua kilo tatu. Sidai kwamba simu zangu ndizo zilizozipunguza. Nasema tu tulivyoishi.

Zamu yangu ilikuja. Mwanangu alirudi nyumbani na watoto wawili, kazi ikaniweka njia panda, goti la kushoto likavimba, na nikapanda mizani nikakuta nimeongezeka kilo 1.4. Wiki iliyofuata sikwenda. Niliandika kwamba nina mafua. Kesho yake asubuhi mwalimu wangu amesimama mlangoni na viatu vya kutembelea. "Sikuja kukupima," akasema. "Nimekuja twende tukatembee, na hayo mafua utaniambukiza njiani." Njiani ndipo nilipomweleza mambo ya mwanangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka kwa sauti. Kuhusu zile kilo, msimamizi alikuja kunieleza kwamba uzito unaweza kupanda au kushuka kilo moja hata mbili ndani ya siku chache kwa ajili ya chumvi na maji tu, kwa hiyo namba ya wiki moja haimhukumu mtu. Wangeyasema hayo siku ya kwanza ningeokoa machozi.

Nije kwenye lawama, na ya kwanza ni kubwa. Mwanzoni tulikuwa tunapimwa mbele ya wote, na aliyepungua anapigiwa makofi. Mwenzetu mmoja alianza kupungua vizuri sana: kilo moja, wiki inayofuata kilo moja na nusu, kisha tena na tena. Kila wiki makofi. Mimi mwenyewe nilimpigia, na moyoni nikamwonea wivu. Pacha wake ndiye aliyeona kwamba sketi imebanwa kwa pini mbili, mikono inatetemeka akishika kikombe, na analalamika moyo unaenda mbio hata akiwa amekaa. Akampeleka hospitali. Tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni, ilikuwa inatoa homoni kupita kiasi, na hiyo ndiyo iliyomkondesha. Ametibiwa, anaendelea vizuri, na bado yuko nasi. Lakini alichotuambia aliporudi sikisahau: "Kila mlipopiga makofi nilishindwa kusema kwamba sifanyi chochote."

Hapo nilikasirika, na nilisema. Huduma inayotoza ada ya afya haikuwa na utaratibu wa kumuuliza mtu anayepungua ghafla kama amekusudia. Uzito ukishuka kwa zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita hadi 12 bila mtu kujaribu, huyo anapaswa kumwona daktari. Tuligoma wote kumi na wawili kupimwa hadharani. Sasa mizani iko nyuma ya pazia, makofi hakuna, na msimamizi anauliza kwa faragha. Kama unajiunga na kikundi chochote, uliza hili kabla hujalipa.

Lawama ya pili ni ule unga wao wa kukoroga na maji badala ya mlo. Kila awamu lazima watuuzie. Tunakataa, wanarudi. Na ukiugua ukakosa wiki nne, ada yako imekwenda na maji.

Kuna jambo la sindano za kupunguza uzito pia. Wawili wetu wanatumia semaglutide waliyoandikiwa na madaktari wao. Mmoja alificha miezi miwili akiogopa tutasema amepita njia ya mkato, na kwa kweli maneno ya namna hiyo yalikuwapo. Kichefuchefu kilimtesa peke yake wakati angeweza kuwa na mtu wa kumpigia. Alipofunguka, msimamizi alieleza vizuri: dawa hupunguza hamu ya kula, ikiachwa uzito huelekea kurudi, na anayeitumia anahitaji mazoezi ya misuli kuliko hata sisi wengine. Leo hao wawili ndio wa kwanza kufika siku za mazoezi.

Msomaji atataka kujua kama kilo saba zina faida yoyote, maana kwa chati ya BMI, ile inayolinganisha uzito na urefu, mtu wa urefu wangu asizidi kilo 64, na mimi huko sifiki leo wala kesho. Msimamizi aliniwekea lengo la kwanza la asilimia 5 hadi 10 ya uzito niliokuja nao. Niko kwenye 8. Presha imeshuka kidogo. Daktari hajaniondolea dawa, ila ameacha kuiongeza. Wenzetu wawili waliokuja na sukari iliyokaribia kisukari walipewa moyo na utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002. Watu wa hali kama yao walipewa mwalimu, lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na hatari yao ya kupata kisukari ikapungua kwa asilimia 58. Kwa waliokuwa na miaka 60 na kuendelea ilipungua kwa 71. Dada Mkubwa aliposikia hiyo 71 alitugeukia sisi wadogo akatuambia tufanye haraka tuzeeke.

Simshauri kila mtu aje. Aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula, au wa kula na kujitapisha, mizani ya kila wiki inaweza kumrudisha kubaya; azungumze na daktari wake kwanza. Asiyependa watu wajue mambo yake naye atapata taabu, kwa sababu hapa yatajulikana. Mimi nilikuwa mmoja wa hao.

Nimeshalipia awamu ya sita. Mwalimu wangu si pacha wangu tena kwa utaratibu wao, lakini saa tatu usiku simu bado inaita. Pacha wangu wa sasa ni Dada Mkubwa mwenyewe, ambaye ikishafika saa mbili usiku hapokei simu ya mtu, kwa hiyo nampigia saa kumi na mbili asubuhi. Leo nilipopiga nilisikia hatua zake na pumzi ikimpanda. "Umechelewa," akasema, "mimi niko kwenye mlima."