Ofisi ya tiketi na umra pale Mwanga, Kigoma: walimzuia mama asisafiri Disemba na bado nawapa nyota nne

Nianze na nyota ili asiye na muda aende zake, nne kati ya tano, ile moja nimebaki nayo na sababu ntaitaja huko chini.

Ofisi ni ndogo, fremu moja tu Mwanga, wanakata tiketi za ndege na mabasi alafu wanakusanya watu wa umra na hija kwa kupitia wakala mkubwa wa Dar. Feni moja, viti vinne, ukichelewa unasimama. Mi nilienda pale Novemba 2021 kwa ajili ya mama, na hii naandika Aprili 2022 tupo kwenye mfungo, kwaiyo nimeshaona mwanzo mpaka mwisho, siongei kwa kusikia.

Mama yetu ana miaka 68, mtu wa Ujiji, hela yake ya umra aliitunza kwenye biashara ya mawese miaka na miaka na ilikuwa imetimia kabla korona haijaja. Ikaja korona. Februari 2020 Saudia wakafunga umra kwa watu wa nje, hija ya 2020 wakahiji kama watu 1,000 tu waliokuwa humo humo ndani, ya 2021 wakaongeza wakafika 60,000 lakini nao ni wakazi wa kule kule. Bi mkubwa kila akisikia hizo habari redioni anakaa kimya siku nzima. Agosti 2021 wakafungulia wageni waliochanja, na huku kwetu chanjo ilikuwa imezinduliwa Julai 28, ile ya Johnson ya sindano moja, mama alishachoma mapema kabisa wakati watu wazima wengine mtaani bado wanabishana ina nini ndani. Na Johnson ilikuwa kwenye orodha ya chanjo wanazokubali Saudia, sindano moja unahesabika umekamilisha. Bas hapo ndo hakukuwa na kulala tena, anataka Disemba, yeye na mama mdogo.

Tulikuwa na wakala mwingine wa Dar tuliyepewa namba yake na ndugu, wa simu tu hatujawahi kumuona. Yeye mambo yake mepesi, ndege inaondoka Disemba 27 kupitia Dubai, lipeni yote wiki hii nafasi zinaisha. Kila ukimuuliza swali jibu ni nafasi zinaisha. Kaka yangu tayari alikuwa anataka kutuma hela, mi nikasema ngoja kwanza nikaulize na hapa hapa nyumbani, tiketi si tiketi tu.

Yule mzee wa pale ofisini (ntamuita mzee, jina lake halinihusu kulitandaza) hakugusa hata kompyuta. Akasema binti yangu, naomba nione pasipoti ya mama na cheti cha chanjo, viweke hapa pamoja. Kaviangalia akanisukumia. Pasipoti ina majina matatu, cheti kina mawili na la pili limeandikwa na herufi imezidi. Akaniambia hii haipiti, kule wanaangalia mashine sio sura, nenda karekebishe kabla hujazungumzia nauli. Wakala wa Dar alikuwa nazo picha za karatasi hizo hizo kwenye simu na hakusema neno.

Alafu akauliza mtafika vipi Dar. Nikamwambia mama anapenda treni, ndege anaiogopa. Hapo ndo akachukua karatasi akaanza kuandika masaa, na kiukweli ndo kitu kilichonifanya nimuamini. Kipimo cha PCR, kile cha korona walichokuwa wanataka Saudia, kilikuwa kinahesabiwa saa 72 kurudi nyuma, na saa zilianza pale pua inapochokolewa, sio pale unapopewa majibu. Treni kutoka huku mwisho wa reli mpaka Dar kwa kupitia Tabora ni kama siku mbili ikienda vizuri, na wote tunajua habari ya ikienda vizuri. Kwaiyo kupima ni Dar, ufike mapema, ukae kwa ndugu, upime, usubiri majibu, na hapo bado hujaongeza siku ya tahadhari treni ikichelewa. Na kipimo chenyewe kilianza kwa dola 100 kwa kichwa, piga mara mbili hiyo ni zaidi ya laki nne na nusu kabla hujanunua hata ihramu ya mtu. Wakala wa Dar kwenye bei yake hiyo haimo, ukimuuliza anasema hiyo ni ya abiria mwenyewe.

Swali lake la tatu ndo lilimnyamazisha kaka. Je wakikutwa na korona kule siku ya kurudi? Mana wakati ule Tanzania nayo ilikuwa inataka kila anayeingia awe na PCR ya saa 72, umechanja hujachanja, alafu ukitua unapimwa tena kile cha haraka, ambacho kilianza kwa dola 25. Sasa mama wa miaka 68 na mdogo wake, Kiarabu chao ni cha kwenye swala tu, mmoja akikutwa nayo Makka anafungiwa hotelini, mwingine anafanyaje, ndege imeondoka, tiketi imekufa, nani analipia hizo siku? Bima ya viza ilikuwa inagusa matibabu ya korona lakini ukiuliza na ile tiketi iliyokupita kila mtu anakwambia lake. Mzee akasema mimi siuzi safari ya kwenda tu, nikikuuzia ya kwenda peke yake huyu mama akikwama utakuja kunililia mlangoni hapa.

Kaka akamjibu kwahiyo tusiende? Akasema sijasema msiende, nasema msilipe yote sasa hivi, wekeni kidogo cha kushika nafasi ambacho kinarudi, tuangalie hali mpaka mwakani.

Mama hakufurahi. Yaani nyumbani palichafuka, akasema nyie mnangoja nife ndo mnipeleke nikiwa jina. Mi namuelewa, kwa umri ule kuambiwa mwakani ni neno zito. Nilimpeleka ofisini akaongee naye mwenyewe na huyu mzee alikaa naye karibu saa nzima bila kuuza chochote, shikamoo nyingi, habari za Ujiji, nani kafariki nani kahamia Kasulu, alafu taratibu akamueleza kwamba uwezo wa kwenda ni pamoja na njia kuwa salama, hilo sharti lipo kwenye dini sio la kwake yeye. Mama akatoka hajaridhika ila hakugomba tena.

Sasa angalia kilichofuata. Mwishoni mwa Novemba ikatangazwa Omikron, Shirika la Afya Duniani wakaipa hilo jina tarehe 26, ndani ya siku chache Saudia wakafunga ndege za nchi 14 za Afrika, wamo majirani zetu kabisa Msumbiji, Zambia na Malawi. Sisi hatukuwemo lakini ukikaa kwenye orodha ya majirani unalala na viatu. Njia ya Addis Ababa nayo haikuwa ya kutegemea kwa sababu Ethiopia ilikuwa imefungiwa na Saudia tangu Julai. Imebaki Dubai. Alafu Disemba 25 Emirati (nchi yenyewe ya Dubai) wakasimamisha abiria wanaotokea Tanzania, Kenya, Ethiopia na Nigeria, hata wa kupita tu. Ile safari ya wakala wa Dar ilikuwa ya tarehe 27! Siku mbili tu. Kuna jirani yetu alilipa kwa huyo huyo, hela yake ilirudishwa kwa vipande vipande na mpaka Februari alikuwa bado anadai, na iliyorudi haikuwa yote.

Emirati wakafungulia Januari 29. Mimi nikakimbilia ofisini nikijua sasa twende, mzee akasema subiri kidogo tena, Saudia wanaelekea kulegeza. Hapa nilikasirika mimi sasa, nikaona huyu naye amezidi uoga. Machi 5 Saudia wakaondoa PCR na karantini kwa wanaoingia na wakaruhusu watu kuswali bega kwa bega Msikiti Mtukufu, barakoa tu ndo zikabaki. Ndo akanipigia yeye mwenyewe, asubuhi, akasema leteni hela.

Mama na mama mdogo wakaondoka katikati ya Machi. Kwenda hakuna kipimo. Na huku nyuma Tanzania nayo kuanzia Machi 17 ikafuta kile kipimo cha saa 72 kwa waliochanja kikamilifu, kwaiyo wakarudi bila kuchokolewa pua hata mara moja, lile fungu lote la vipimo tulilokuwa tumeliweka pembeni likageuka kuwa zulia na tende. Kibali cha umra kule wakati huo kilikuwa kinaombwa kwenye aplikesheni ya Eatmarna, mama simu yake ni ya kitochi, ofisi ikampa kijana wa msafara akawa anawaombea yeye. Kadi ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo nayo walikumbushwa mapema, hii watu wengi wanaisahau kwa sababu kila mtu anawaza korona.

Na Aprili 9, 2022 Saudia walitangaza hija ya mwaka huo, watu milioni moja na wa nje wamo, ila umri ulikuwa chini ya miaka 65. Kuna waliotushauri Disemba tusihangaike na umra tusubiri hija ifunguliwe. Mama angekaa hapa hapa barazani.

Sasa ile nyota niliyobaki nayo. Kwanza ada ya ofisi haijaandikwa popote, unaambiwa kwa mdomo, na mi niliambiwa moja Novemba na nyingine Machi, tofauti sio kubwa lakini iandikwe jamani. Pili risiti ya ile hela ya kushika nafasi niliipata baada ya kuifuatilia sana, na hakuna karatasi iliyosema inarudishwa, ni neno la mzee tu, ambaye namuamini lakini mzee akiumwa je? Tatu simu hazipokelewi mchana, ukiwa na haraka lazima upande bodaboda uende. Na kwa vijana wanaosafiri kibiashara, wa Guangzhou na huko (ambako China mwaka 2022 walikuwa bado wamefunga) au wa Dubai kuchukua mzigo, sijui kama hii ni ofisi yenu, mwendo wake ni wa wazee, atakuuliza maswali mpaka bei ya mzigo ibadilike.

Ila kama una mzazi, na kwa jinsi masharti yalivyokuwa yanabadilika kila mwezi, nenda. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, beba pasipoti na cheti cha chanjo vyote viwili halisi sio picha kwenye simu. Na ukiingia usiishie kwa yule kijana wa mlangoni, yeye ni wa tiketi za mabasi, anakujibu kila kitu lakini hajui, muulize mzee wa meza ya ndani.