iSupport: mwongozo wa bure kwa anayemuuguza mzazi aliyepoteza kumbukumbu

Kwa miaka minne nilimuuguza mama yangu nyumbani kwetu Tanga, na katika muda huo wote waliokuja kutujulia hali walikuwa na swali moja, nalo ni mama anaendeleaje. Swali hilo lilikuwa la haki, kwani mgonjwa alikuwa yeye. Hata hivyo, wa kwanza kuniuliza kama mimi mwenyewe ninalala, ninakula na nina mtu wa kunipokea zamu ulikuwa mwongozo nilioupakua kwenye simu usiku mmoja ambao mama alikataa katakata kwenda kitandani. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wale ambao leo wako pale nilipokuwa, ili wajue kuna nini ndani yake, waanzie wapi, na wasitarajie nini.

Mwongozo huo unaitwa iSupport. Ulitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 kwa ajili ya watu wanaowahudumia, bila malipo yoyote, jamaa zao wenye demensia, yaani ule ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, fikra na mwenendo wa mtu, na ambao aina yake iliyoenea zaidi ni Alzheimer. Yako mafunzo ya mtandaoni, na kiko kitabu ambacho mtu anakipakua bure na kukichapisha. Mimi nimetumia kitabu, katika nakala ya Kiingereza, na yote ninayoyasema hapa yanahusu kitabu hicho. Kina masomo 23 yaliyogawanywa katika sehemu 5: demensia ni nini, safari ya kuuguza, kujitunza mwenyewe, huduma za kila siku, na namna ya kukabiliana na mabadiliko ya tabia. Kila somo ni fupi kiasi cha kumalizika wakati mgonjwa amejipumzisha, na limejengwa juu ya visa vya familia, maswali ya kuchagua jibu na mazoezi ya kujaza.

Sehemu ya kwanza ina somo moja tu, na aliyekwisha kuishi na ugonjwa huu atalipita haraka. Kwangu lilikuwa na thamani kwa sababu moja. Hospitali ya kwanza tuliyompeleka mama ilituambia kwamba ni uzee, nasi tukarudi nyumbani tukiwa tumeridhika, tukapoteza karibu mwaka mzima tukimgombeza kwa kusahau. Mwongozo unasema bila kumung'unya maneno kwamba demensia si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wala si maradhi ya Wazungu, kama nilivyowahi kuambiwa, kwani utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ulikuta kwamba takriban watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa nayo.

Ushauri wangu kwa aliyechoka ni kwamba asianze na ukurasa wa kwanza. Aanze na sehemu ya tano, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, yenye masomo 10, na ambayo peke yake ingetosha kunifanya niupendekeze mwongozo huu. Humo mna ukali, huzuni na wasiwasi, kukosa usingizi, kuona na kuamini yasiyokuwapo, kurudiarudia jambo, na kutoka nyumbani hadi kupotea. Nilipoisoma orodha hiyo nililia, kwa sababu kila neno lilikuwa ni mama yangu, na hadi siku ile nilidhani nyumba yetu peke yake ndiyo iliyopatwa na mambo hayo.

Nichukue somo la kuamini yasiyokuwapo. Mama alishika imani kwamba msichana aliyetusaidia kazi alikuwa akimwibia khanga zake. Kila asubuhi tulikuwa na kesi: mama akilalamika, msichana akilia, nami nikifungua sanduku na kuzihesabu khanga moja moja ili kumwonyesha mama kwamba zote zipo, jambo ambalo halikumtuliza hata siku moja, kwa sababu aliona nimeungana na mwizi. Mwongozo unamwelekeza anayeuguza aache kubishana na kumthibitishia mgonjwa kwamba amekosea, aishughulikie hofu iliyo nyuma ya maneno yake, kisha amgeuzie mawazo kwenye jambo lingine kwa upole. Asubuhi iliyofuata nilimwambia, "Pole mama, kupotewa na khanga kunauma, hebu tuzitafute pamoja." Tulizitoa, tukazikunja upya, tukafika kwenye ile aliyovaa harusini kwangu, akaanza kunisimulia habari za harusi. Hapakuwa na mwizi tena siku hiyo. Sisemi kwamba dawa hiyo ilifanya kazi kila mara, lakini ilifanya kazi mara nyingi kuliko ukweli wangu wa kuhesabu, na yule msichana hakuondoka.

Somo la kutoka na kupotea nalo lilinifaa. Mama alikuwa akiomba apelekwe nyumbani hali amekaa barazani kwake, na mara mbili alitoka alfajiri kuelekea kwao Pangani. Baada ya kulisoma niliacha kuona aibu. Niliwaeleza majirani na vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu hali yake, nikawaachia namba yangu, na kuanzia hapo mtaa mzima ukawa jicho langu.

Sehemu ya tatu, ya kujitunza mwenyewe, niliikwepa kwa miezi kadhaa. Niliona kama mzaha kumwambia mtu ambaye hajalala usiku mzima kwamba atenge dakika chache za kufanya jambo analolipenda. Nilikosea. Somo la pili la sehemu hiyo halidai safari wala fedha. Linamtaka mtu aorodheshe mambo madogo yaliyokuwa yakimfurahisha, kisha achague moja linaloingia katika siku yake jinsi ilivyo. Mimi nilirudia kusuka ukili, kazi aliyonifundisha mama mwenyewe, na ikawa tunakaa pamoja, mikono yake ikikumbuka kile ambacho kichwa kilikuwa kimekiacha. Somo la tatu linahusu mawazo. Linamfundisha msomaji kulitambua wazo linalomuumiza, kulipima, na kuweka mahali pake lingine lenye kumsaidia. Wazo langu lilikuwa kwamba mimi ni mtoto asiye na radhi kwa kuwa nimemfokea mama aliyenizaa. Kuliandika wazo hilo kwenye karatasi, kisha kuandika chini yake kwamba nilimfokea nikiwa nimeamka mara sita usiku ule na kwamba nilimwomba samahani, kulinipa nafuu ambayo nasaha nyingi za "vumilia, Mungu atakulipa" hazikunipa. Naamini katika malipo hayo, ila mtu anahitaji pia namna ya kufika jioni.

Hata hivyo, somo ambalo lingeibadilisha familia nzima kama lingesomwa mapema ni lile la kuwashirikisha wengine, katika sehemu ya pili. Kwetu hatukosi watu. Wanakuja na sukari, sabuni na pole, wanakaa nusu saa, wanaondoka wakisema tukihitaji chochote tuwaambie, nasi hatuwaambii. Mwongozo unamsukuma anayeuguza aandike kazi zenyewe, kisha amwombe mtu fulani kazi fulani. Niliitisha kikao cha familia nikiwa na karatasi yenye kazi zote: kumwogesha, kufua mashuka, kumpeleka kliniki, kununua pampasi za watu wazima, kushinda naye Jumamosi. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alichukua pampasi, akatuma fedha kila mwezi kwa simu bila kukumbushwa. Wifi yangu alichukua Jumamosi. Wengine watatu waliahidi na hawakutimiza, na sikuwa na nguvu za kuwafuatilia. Lakini Jumamosi moja ya kupumzika kila wiki, kwa mtu aliyekuwa hana hata moja, ni jambo kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake ndio wanaobeba asilimia 70 ya saa za kuwahudumia watu wenye demensia, na kikao chetu kilikuwa ushahidi tosha, kwa sababu hakuna mwanamume aliyegusa neno "kumwogesha".

Sehemu ya nne inahusu kula, kunywa, choo, usafi na namna ya kuipitisha siku. Ni nzuri, inasomeka upesi, na ina manufaa zaidi kwa anayeanza.

Sasa nije kwenye mapungufu. La kwanza ni lugha. Kiingereza chake ni chepesi, lakini wengi wanaouguza majumbani kwetu hawasomi Kiingereza, na nililazimika kumsomea wifi yangu huku nikitafsiri kwa mdomo. Leseni ya kitabu inaruhusu kutafsiri na kutohoa kwa matumizi yasiyo ya biashara, hivyo vyuo vyetu vya uuguzi na idara za Kiswahili hazina kizuizi. La pili ni kwamba waandishi hawakuijua ile hatua ya kwanza ya familia nyingi za kwetu, yaani kumtafuta aliyemroga mgonjwa. Nilitamani sana ukurasa mmoja wa kunisaidia kumjibu shangazi aliyetaka mama apelekwe kwa mganga, bila kumvunjia heshima na bila kumwachia mama. La tatu ni fedha: mwongozo unamfundisha mtu kuomba msaada, lakini haumsaidii yule aliyeacha genge lake sokoni ili auguze, wala binti anayekatishwa masomo ili akae na bibi. Najua kitabu hakiwezi kulipa mshahara, lakini kingeweza kulitaja jambo hilo waziwazi.

La nne ndilo linaloniuma zaidi. Katika masomo yote 23 hakuna hata moja linaloshughulikia siku za mwisho za mgonjwa, wala hali ya aliyeuguza baada ya mazishi. Matanga yalipoanuliwa na wageni wakaondoka, niliendelea kuamka saa nane za usiku kwenda kumgeuza mama ambaye hakuwapo. Mtu aliyefundishwa kwa upole namna ya kuibeba kazi hii alistahili kufundishwa pia namna ya kuitua.

Kwa anayetaka kuanza, namshauri asichapishe kitabu kizima, maana kina zaidi ya kurasa 200 na gharama ya steshenari itamwelemea. Achapishe somo la kuwashirikisha wengine, masomo matatu ya kujitunza, na yale ya tabia yanayolingana na mgonjwa wake, kisha ayasome na mtu mwingine wa nyumbani. Walioko Kenya wana pia Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, inayowakutanisha wanaouguza ili wasaidiane, na kikundi cha namna hiyo ni kikamilisho kizuri cha kitabu kisichoweza kujibu swali.

Nakala yangu, yenye madoa ya uji na mwandiko wa wifi pembeni, nimempa jirani wa nyumba ya tatu, ambaye mumewe ameanza kutembea ndani usiku kucha. Nimemwambia aanze na somo la usingizi.