CloudCompare na jengo lililokuwa likielea

Skana ya leza ikimaliza kazi inakukabidhi jengo zima linaloelea. Sifuri yake ni pale tripodi iliposimama, na kaskazini yake ni popote ilipoelekea siku hiyo. Kulishusha jengo hilo kwenye koodineti za ramani ndiyo kazi ninayoipa programu ya kompyuta iitwayo CloudCompare, na kwa kazi hiyo sijaona sababu ya kuiacha.

Ni ya bure, na inafungua mafaili ya skani ya aina za E57, LAS na LAZ bila kubembelezwa. Sura yake haivutii, vitufe vidogo vidogo vimejazana kama vyombo kwenye beseni. Utazoea.

Ukiifungulia wingu la pointi, yaani ule mkusanyiko wa vitone vilivyopimwa na skana, lenye koodineti kubwa, huomba kwanza ruhusa ya kuzipunguza. Wenye haraka hukataa. Usithubutu! Ndani yake pointi hutunzwa kwa namba za biti 32, zenye tarakimu kama saba tu za kutegemea. Northing (koodineti za kuelekea kaskazini) za UTM, mfumo wa koodineti za ramani kwa mita, kusini mwa ikweta huanzia 10,000,000 na kushuka, kwa hiyo ukiwa karibu na ikweta unachezea milioni tisa na kitu, na kwa namba kubwa hivyo hatua kutoka namba moja hadi inayofuata ni mita 1 nzima. Ukuta uliopimwa kwa milimita unageuka ngazi. Ukikubali, inaondoa kiasi kikubwa, inafanya kazi na kilichobaki, halafu inakirudisha kile kilichoondolewa unapohifadhi LAS.

Zana ninayoitumia zaidi ni ya kulinganisha jozi za pointi. Unabofya shabaha (alama uliyobandika jengoni kabla ya kupiga skani) kwenye wingu, unaandika koodineti zake kutoka totali stesheni, chombo cha wapima ardhi, na jozi tatu zinatosha kuanzia. Shabaha ikiwa tufe, itajie nusu kipenyo na itatafuta kitovu chenyewe. Kinachonifurahisha ni kwamba kila jozi inaandikiwa kosa lake, hupewi wastani peke yake.

Maana wastani ulishaniumbua. Niliwahi kubandika shabaha nne zote kwenye ukuta wa mbele, kimo kimoja, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na kivuli. Wastani wa kosa ukaja milimita 4. Nikatamba. Nikalipeleka wingu QGIS, programu ya ramani, likakaa juu ya ramani kama limezaliwa hapo. Nilipochora mkato wa wima, zana ambayo QGIS inayo tangu toleo la 3.26, ukuta wa nyuma ulikuwa umezama sentimita 11. Shabaha zilizopangwa mstari mmoja ni bawaba, na jengo lilikuwa limejizungusha juu yake kama mlango. Programu haikukosea hata kidogo, ilifuata nilichoipa. Nikarudia, safari hii nikiruhusu mzunguko wa Z (mhimili wa wima) peke yake, kwa kuwa skana ilikuwa imejisawazisha yenyewe kabla ya kupiga. Ukuta ukapanda mahali pake. Siku hizi nabandika na nyuma pia, na shabaha moja naiacha nje ya hesabu ili inisute.

Kuna kisanduku cha kurekebisha skeli, yaani kukuza au kupunguza wingu, nacho kiangalie vizuri. Kwenye meridiani ya kati, mstari wa katikati ya zoni ya UTM (kimoja cha vipande ambavyo mfumo huo unaigawa dunia), mita 100 za ardhini ni 99.96 za ramani. Sentimita 4 hizo zitajitokeza kwenye shabaha za pembeni na utailaumu skana bure. Kwa nyumba ndogo naifunga skeli. Eneo likiwa refu, nakaa na kikokotoo kwanza.

Usiitarajie ijue zoni wala datumu, yaani msingi ambao koodineti zinapimwa kutoka kwake. Kwake namba ni namba tu, hata ukigeuza Easting (ya mashariki) na Northing haitakukemea, na mfumo wa koodineti utautaja mwenyewe ukifika QGIS.

Baada ya kulinganisha, huandika matriksi ya safu nne kwa nne, jedwali la namba linaloeleza wingu lilivyosogezwa na kuzungushwa, chini ya dirisha. Hiyo hiyo naitumia kuhamisha skani nyingine zilizokwisha kuunganishwa na ile ya kwanza. Nainakili kwenye faili la maandishi kabla sijagusa kitu kingine, kwa sababu kitufe cha kutengua hamna.