Seti ya kadi za namba na utepe wa sakafuni: utepe ni hazina, kadi zikaguliwe kwanza

Seti hii niliinunua kwa shilingi 45,000 katika duka la vifaa vya kufundishia karibu na Nasser Road, Kampala, nikasafiri nayo kwa basi hadi Mbarara, kisha Nakivale, makazi ya wakimbizi, ambako jioni huwafundisha hesabu watoto wanaoanza sekondari. Wengi wao wametoka Kongo na wanakielewa Kiswahili kuliko Kiingereza cha darasani, ndiyo maana maandishi ya Kiswahili kwenye sanduku yalinivuta. Ndani mna kadi, kijitabu cha mazoezi na utepe wa turubai wenye urefu wa mita 10.

Nianze na utepe, kwa kuwa ndio uliorudisha fedha yangu. Upande wa kwanza una namba kuanzia −20 hadi 20, zikiachana kwa sentimita 25, yaani hatua ndogo ya mtoto. Alama ya tendo humwambia mtoto aelekee wapi, kulia akijumlisha na kushoto akitoa, na alama ya namba humwambia atembee mbele ikiwa ni chanya au kinyumenyume ikiwa ni hasi. Katika −5 − (−3), mtoto husimama penye −5, hugeukia kushoto, hurudi kinyumenyume hatua tatu na kujikuta penye −2. Miaka yote nilikuwa nikiwakaririsha kwamba hasi mbili huwa chanya, nao walikuwa wakiichukua kanuni hiyo hadi kwenye −5 − 3 na kuniletea jibu la 8. Juu ya turubai kosa hilo lilikoma katika wiki ya pili, kwa sababu mtoto mwenyewe huona kwamba ameelekea kushoto, anatembea mbele, na hawezi kufika kwingine ila −8.

Upande wa pili unaanzia −2 na kuishia 2, na kila namba kamili imegawanywa katika sehemu 12. Chaguo hilo ni la busara, kwani nusu, theluthi, robo na sudusi zote huangukia kwenye alama. Swali la 2/3 − 5/4 hugeuka kuwa 8/12 − 15/12, na mtoto hufika −7/12 bila kuzitoa asili (namba za chini) zenyewe, kosa ambalo hunichosha kuliko yote. Sehemu za tano na za kumi, hata hivyo, hazina alama. 2/5 huelea kati ya mistari miwili, nasi tulilazimika kuongeza alama zetu kwa kalamu ya wino mzito.

Kadi za kuainisha namba ndizo zilizoniudhi. Kijitabu kinaagiza kila kadi iwekwe katika kisanduku kimoja tu: namba asilia (1, 2, 3 na kuendelea), namba nzima (hizo pamoja na sifuri), namba kamili (hizo pamoja na hasi zake), namba wiani (zinazoandikika kama namba kamili juu ya namba kamili isiyo sifuri) au namba zisizo wiani (zisizoandikika hivyo). Kwa mpangilio huo 7 ni asilia na basi, ilhali ni nzima pia, ni kamili, na ni wiani kwa kuwa inaandikika 7/1. Makundi haya manne ya kwanza hukaa moja ndani ya jingine kama sufuria za dukani; kuyatenganisha ni kumfundisha mtoto jambo ambalo mwalimu wake atalazimika kulifuta. Baya zaidi, kadi ya 22/7 imepangwa miongoni mwa namba zisizo wiani. Hiyo ni namba kamili juu ya namba kamili, na desimali yake, 3.142857, hurudia tarakimu zilezile sita baada ya nukta bila kikomo. Isiyo wiani ni pai, inayoanza 3.14159 na haina mzunguko wowote. 22/7 ni kadirio lake tu.

Mfano wa mvuvi nao una kasoro. Kadi inasema kwamba usawa wa bahari ni sifuri na kuweka kilindi cha Ziwa Victoria penye −80. Kina kikubwa zaidi cha ziwa hilo kweli ni takriban mita 80, lakini uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, kwa hiyo hata tope la chini kabisa lina mwinuko chanya. Sifuri ingewekwa kwenye uso wa maji, hesabu ingesimama. Kama walitaka hasi isiyo na ubishi hapa Uganda, wangepanda Rwenzori penye barafu na kusoma kipimajoto.

Wanaofundisha watoto wa Kongo wajue pia kwamba kijitabu hakiwaelezi kuwa hapa 1,200 ni elfu moja na mia mbili. Shule walizotoka hutumia mkato pale tunapotumia nukta, na mwanafunzi wangu mmoja aliisoma kuwa moja na sehemu mbili za kumi.

Kadi ya 22/7 nimeihamisha, na visanduku nimevibadilisha kwa duara za chaki, moja ndani ya nyingine. Muuzaji amekataa kuuza utepe peke yake, hivyo muhula ujao nitanunua seti ya pili nzima kwa ajili ya turubai.