Mthamini aliyesugua penseli ya baba mkwe

Miezi kadhaa iliyopita nilimpelekea mthamini mmoja hapa Atlanta vitu viwili alivyotuachia marehemu baba mkwe: kipande cha tiketi na programu (kijitabu kinachouzwa uwanjani) ya mchezo wa besiboli wa tarehe 8 Aprili 1974, usiku ambao Hank Aaron wa timu ya Atlanta Braves alipiga homurani yake ya 715, yaani pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote, na kuivunja rekodi ya mchezaji wa zamani Babe Ruth. Sikuwa natafuta utajiri. Nilitaka tujue thamani yake kabla ya kugawana na shemeji zangu.

Kuhusu tiketi sina la kumlaumu. Aliikagua chini ya taa, akanionyesha mkunjo ambao sikuwa nimeuona, na akaeleza kwa subira kwa nini tiketi nzima, ambayo haikukatwa mlangoni, hupata bei kubwa kuliko kipande.

Programu aliifungua kwa kidole kimoja. Alipoona kwamba baba mkwe alijaza matokeo kwa penseli, alisema, “Imechorwachorwa, haina kitu.” Kisha, bila kuniomba ruhusa, akachukua raba na kuanza kusugua ukurasa ili aone kama maandishi yatatoka. Nilimshika mkono. Ni kweli kwamba wakusanyaji wengi hupenda programu safi, na hilo silipingi; lakini toleo moja la programu mara nyingi huuzwa katika michezo kadhaa, na kinachoonyesha kwamba hii ilikuwa uwanjani usiku ule ni penseli hiyohiyo: zamu ya nne, Al Downing wa Dodgers, timu pinzani, akirusha mpira, na alama ya Aaron ambayo mzee aliizungushia duara mara mbili. Anayetaka kuyafuta maandishi hayo anafuta ushahidi, na mthamini ndiye mtu wa kwanza aliyepaswa kulijua hilo.

Alinijibu kwamba watu waliokuja juzi hawawezi kumfundisha besiboli. Hakuomba radhi, na ada yake aliichukua yote.

Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kuwashauri mpeleke kwake tiketi na msipeleke programu, kwa sababu tiketi anazijua kwelikweli. Lakini nimeufungua tena ukurasa ule sasa hivi, nikaona weupe uliobaki palipokuwa na jina la mchezaji mmoja kwa mwandiko wa mzee. Msimpelekee chochote.