Miksa ya kuendesha kwa tableti: bendi yako inunue ipi, na waifai ya ndani isikuponze

Meseji ninazopata siku hizi kutoka kwa mafundi mitambo zinafanana sana. Bendi imechangishana hela, imeuza ile miksa kubwa ya analogi pamoja na sneki yake, ule waya mnene unaotoka stejini mpaka kwenye miksa, imenunua boksi la dijitali la kuendesha kwa tableti, mazoezini kila kitu safi, saa kumi jioni mnacheki sauti ukumbini bado safi, saa tatu usiku ukumbi umejaa, maharusi wanaingia, maiki ya MC inaanza kulia, fundi anagusa skrini aishushe na hakuna kinachotokea. Fada, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, imegeuka kijivu, kale kaduara ka kutafuta mtandao kanazunguka tu, na boksi lenyewe liko stejini nyuma ya dramu, halina hata kitufe kimoja cha kushusha maiki.

Ukipiga simu dukani kesho yake unaambiwa "mtakuwa hamjui kuitumia". Hii inaniuma kwa sababu wanaoambiwa hivyo ni watu wamefunga mitambo miaka na miaka, kuanzia taarabu hadi dansi, wanajua ukumbi kwa kusikiliza tu. Tatizo sio wao. Waliuziwa kitu bila kuambiwa jambo moja la muhimu kuliko yote.

Kwa hiyo hapa sitaanza na efekti ngapi au riverbu gani tamu, efekti zote za siku hizi zinatosha kwa harusi na kwa ibada. Naanza na waifai, na nitakaa hapo sana.

Miksa nyingi za aina hii zina waifai ndani, na zile za bei ya chini na ya kati zinatumia masafa ya 2.4 GHz. Masafa hayohayo ndo yanatumiwa na Bluetooth, na hotispoti za wageni wanaorusha live, na zile waya-lesi za bei poa za gitaa ambazo mpiga solo wako kanunua mtandaoni. Chaneli ambazo haziingiliani kwenye masafa hayo ni 3 tu, yaani 1, 6 na 11. Afu mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na maji yanameza mawimbi hayo, kwa hiyo ukumbi mtupu wa saa kumi jioni hauna uhusiano wowote na ukumbi wa saa tatu wenye watu mia nne wamesimama wanacheza katikati yako na steji. Na wengine wanaifungia miksa ndani ya kesi ya chuma, wanaweka kesi chini sakafuni, wanarundika mabegi ya vyombo juu yake, hapo hata iwe na waifai ya namna gani itazingua.

Sauti yenyewe haikatiki, hilo mlijue, kwa sababu kazi yote inafanyika ndani ya boksi na tableti ni rimoti tu. Mtandao ukipotea, miksa inabaki pale ulipoiacha. Ila ukiiacha na maiki inayolia ndo hivyo tena, italia mpaka tableti irudi au mtu akimbie stejini akachomoe waya.

Dawa yake ni rauta ya nje. Ya masafa mawili, yaani 2.4 na 5 GHz, yenye tundu la waya wa mtandao, mfano hizi TP-Link Archer ambazo zipo kila duka la kompyuta. Haihitaji intaneti wala laini ya simu. Unatoa waya kwenye miksa unaingiza kwenye tundu la LAN la rauta, sio lile la WAN, unazima 2.4 kabisa, unabaki na 5, unachagua chaneli kati ya 36 na 48 kwa sababu za juu yake kuna ambazo rauta inalazimika kuhama ikihisi rada. Kisha ipandishe juu, ifunge kwenye stendi ya spika au ya maiki iwe juu ya vichwa vya watu, na wewe uwe unaiona kutoka ulipokaa. Zile mifi, rauta ndogo za mfukoni za laini ya simu, achana nazo, nyingi hazina hata tundu la waya.

Upande wa tableti nako kuna mtego. Kuna tableti za bei ya chini ambazo hazishiki 5 GHz kabisa, kwa hiyo kabla hujalipa soma kwenye boksi au washa hotispoti ya 5 kwenye simu yako uone kama inaiona. Na Android ikigundua waifai haina intaneti huwa inaihama kimyakimya inaenda kwenye data. Weka hali ya ndege kwanza, afu washa waifai peke yake, na kwenye mipangilio zima kile kipengele cha kubadili mtandao chenyewe. Meseji nyingi ninazopokea zimeishia hapa tu, hata rauta haikuhitajika.

Sasa tuje kwenye miksa zenyewe.

Ya kwanza kwangu ni Soundcraft Ui24R, na sifichi kwamba naipenda Soundcraft. Ni kampuni ya Uingereza ya tangu 1973, imetengeneza miksa za steji muda wote huo na inajionyesha. Hii Ui24R ina chaneli 20 za maiki na mbili za laini, njia 8 za XLR (plagi ya pini tatu kama ya maiki) za monita, yaani spika za wanamuziki kujisikia wenyewe, waifai yake ya ndani ina 2.4 na 5 zote. Haihitaji apu. Unafungua brauza ya simu yoyote, iwe Android ya zamani ya mpiga tumba au iPad ya kiongozi wa bendi au laptopu, na miksa inakuja. Kila mwanamuziki anajipangia monita yake kwa simu aliyonayo, hakuna kubishana "kwangu haiingii kwenye Play Store". Ukiweka flashi inarekodi kila chaneli peke yake bila kompyuta, kesho yake mnakaa mnasikiliza mlikosea wapi. Na kuna kitu ambacho sijawahi kusikia muuzaji anakitaja: ina tundu la HDMI na la USB, kwa hiyo ukichomeka skrini yoyote na mausi unaiendesha palepale bila waifai hata kidogo. Ile hofu yote niliyoieleza huko juu inaisha kwa skrini ndogo na mausi ya bei poa. Hakuna mwenzake wa daraja hili ninayemwamini hivi usiku wa harusi. Hata hivyo rauta iwekee.

Ya pili ni Behringer XR18, ambayo ndo imejaa mjini na ndo bendi nyingi zitaimudu. Chaneli 16 za maiki zenye muundo wa Midas, kampuni ndugu ya Behringer, mbili za laini, njia 6 za monita. Hebu pigeni hesabu ya bendi ya dansi ya kawaida: waimbaji watano, solo, rizimu, besi, hapo 8. Tumba mbili, 10. Dramu maiki nne, 14. Vinanda viwili kwa stirio ni vinne, 18. Inaenea kabisa, ila akija mpuliza saksi umekwama, labda kinanda kimoja kiende mono, yaani kwa waya mmoja. Sauti ni nzuri mno kwa hela yake, sina ubishi. Lakini waifai yake ya ndani ni 2.4 peke yake na inapokea vifaa 4 tu, fundi na wanamuziki watatu imejaa, na ikitoka kiwandani mtandao wake hauna paswedi, maana yake mgeni yeyote mwenye apu yake anaweza kuingia akachezea mziki wako. Naisifu XR18 kwa sharti moja: siku unayoinunua, nunua na rauta, geuza ile swichi ya mbele uiweke kwenye Ethernet, na ile waifai ya ndani usiiguse tena. Kama unaipata Midas MR18 kwa bei inayokaribiana, chukua hiyo, ni familia moja.

Ya tatu Allen & Heath CQ-18T. Imetoka 2023, ina skrini yake ya kugusa ya inchi 7 juu ya miksa, kwa hiyo mtandao ukienda mikono yako bado ina pa kushika, na ina msaidizi wa kupanga geini, yaani kiwango cha sauti inayoingia, ambaye kwa kwaya ambayo haina fundi wa kudumu ni mkombozi. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu na kwa sababu huku kwetu kuipata mpaka uagize. Mwenye hela asinisikilize mimi kwenye hili, aichukue.

Bendi kubwa yenye watu kumi na tano stejini, taarabu yenye fidla nyingi na ala ya kanuni, waende Behringer X32 Rack na boksi la steji la kuongeza chaneli. Haina waifai ndani kabisa, na mimi naona hilo ni jema, linakulazimisha kununua rauta tangu mwanzo, na ina skrini na vitufe vyake mbele.

Za bei ya chini kabisa, Ui12 ya Soundcraft na XR12 ya Behringer, zinafaa mwimbaji na gitaa na kinanda hotelini, bendi hapana. Na ile miksa isiyo na jina iliyoandikwa "wireless" ni Bluetooth ya kupigia mziki wa simu, haiendeshwi kwa tableti. Mitumba kama Mackie DL1608 ya 2012 iliyojengwa kuizunguka iPad, ile ya kuchomeka ndani, uliza kwanza iPad ya tundu lile la zamani utaitoa wapi.

Sasa niseme la wauzaji maana siwezi kunyamaza. Kariakoo unaingia duka la vyombo, unauliza kama unahitaji rauta, unaambiwa "waifai ipo ndani dada, rauta ya nini?" Unaomba iwashwe uunge simu yako, unaambiwa boksi likifunguliwa umenunua. Ukilipa unapewa karatasi imeandikwa chini mali ikishauzwa hairudishwi. Bei unatajiwa kwa dola wakati tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, na ukitaka kwa shilingi wanapiga hesabu kwa kiwango chao. Hizi ni hela za watu wanaogawana mgao mdogo usiku wa manane baada ya shoo. Bendi inakatwa kila mmoja kidogokidogo, miezi inapita, wanapata miksa, halafu mtu anakataa kuiwasha dakika kumi. Haikubaliki.

Mkienda nendeni wawili, mmoja awe fundi. Msilipe mpaka iwashwe, simu iungwe, maiki moja ichomekwe, na kila njia ya kutokea isikike, hasa za monita maana ndo huwa hazijaribiwi. Dai risiti ya EFD yenye jina la miksa na namba yake ya kiwandani (serial number), sio "vifaa vya muziki" tu, maana siku ya kudai waranti hiyo ndo itakayosomwa.

Na bajeti itengeni hivi kabla ya kutoka nyumbani: miksa, rauta, waya wa mtandao mita kumi, na UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya kushika miksa na rauta kwa pamoja. Umeme ukikatika ukumbi ukahamia jenereta, miksa inazima na kuwaka upya, rauta nayo inachukua muda wake kurudi, na tableti inaanza kutafuta mtandao upya huku waimbaji wameshashika maiki. Kama hela haitoshi vyote vinne, shukeni daraja kwenye miksa, rauta na UPS vibaki.