Uzoefu wangu na deki ya HD DVD pembeni ya Blu-ray: DVD bado hajang'olewa na yeyote

Wadau, hii ni rivyuu ya deki ya HD DVD, ndiyo HD DVD, ule mfumo wa diski za picha kali uliokuwa unashindana na Blu-ray, ambao Toshiba walitangaza tarehe 19 Februari 2008 kwamba wanauacha. Ya kwangu niliinunua baada ya tangazo hilo, kwa makusudi kabisa, kipindi maduka ya hapa Uingereza yanamaliza stoo kwa bei ya kutupa na diski zake unazoa kwa mkupuo, na mpaka leo ipo sebuleni kwangu Leicester chini ya TV, pembeni yake ipo mashine ya gemu ya PS3 ambayo ndo inanichezea Blu-ray. Kwa hiyo zote mbili nimezitazama kwenye TV moja, kochi moja, macho yaleyale, na nina la kusema kwenye hili swali ambalo halichoki kurudi, eti mfumo mpya wa diski unaweza kumng'oa aliyeshika usukani? Mimi naona watu wanamtazama mtu ambaye siye. Aliyeshika usukani ni DVD, tangu alipoingia sokoni Japani Novemba 1996, na hao wengine wote wanagombea nafasi ya pili.

Nianze na picha maana ndo kitu cha kwanza mtu anauliza. Picha ya HD DVD ni safi, safi kweli, uso wa mtu unaona mpaka vinyweleo, yale maandishi madogo ya mwisho wa filamu yanasomeka bila kukunja macho, na giza linakuwa giza sio ukungu wa kijivu. Ukiweka Blu-ray ya filamu ileile (studio ya Warner Bros. walikuwa wanatoa mifumo yote miwili mpaka walipochagua upande) utatafuta tofauti mpaka uchoke. Na sababu ipo, zote mbili zinasomwa na leza ya buluu inayoelekea zambarau ya nanomita 405, wakati DVD inasomwa na leza nyekundu ya nanomita 650, wimbi likiwa fupi leza inasoma vidoa vidogo zaidi ndo maana vinaingia vingi kwenye diski ya saizi ileile. Kwenye ujazo ndo wanaachana, HD DVD inabeba GB 15 kwa tabaka moja na 30 kwa mawili, Blu-ray GB 25 na 50, DVD ya tabaka moja GB 4.7 tu. Ukisoma hizo namba unasema Blu-ray kamaliza mchezo, lakini kaa kwenye kochi, filamu ya saa mbili ikiwa imetengenezwa vizuri GB 30 zinatosha na zinabaki.

Kilichonifanya niipende HD DVD ni jinsi ilivyojengwa. Tabaka la data lipo milimita 0.6 ndani ya plastiki, sawasawa na DVD, kwa hiyo viwanda vilivyokuwa vinafyatua DVD viliweza kugeuzwa bila gharama kubwa, na hata diski moja ikaweza kuwa upande mmoja HD DVD upande wa pili DVD ya kawaida. Hizo za pande mbili ninazo kadhaa na nazithamini mpaka leo, nikishaangalia sebuleni naigeuza naenda nayo chumba cha watoto wanaangalia kwenye deki yao ya kawaida, na moja niliwahi kuituma nyumbani Tanga ikacheza vizuri tu upande wa DVD. Sasa Blu-ray data yake ipo milimita 0.1 tu kutoka juu, karibu na ngozi kabisa, ndo maana ikabidi wapake ule mgando mgumu wa kuzuia mikwaruzo, na hapo lazima niwe mkweli, mgando ule unafanya kazi. Watoto wameziburuza Blu-ray kwenye kapeti, zimelala bila kava, nazifuta na tisheti zinaendelea. HD DVD ukiikwaruza kidogo tu inaganda katikati ya filamu. Tena kuna diski zangu za HD DVD, za kampuni ambayo sitaitaja, zimekufa zenyewe ndani ya kava bila kuguswa, unaiweka deki inanguruma inatafuta, haioni kitu.

Halafu suala la makufuli ya nchi, hili linatuhusu sana sisi wenye ndugu kila kona ya dunia. DVD iligawanywa kanda, diski ya kanda moja inakataa kwenye deki ya kanda nyingine, Marekani na Kanada namba 1, Ulaya 2, Tanzania na Kenya tuko 5. Blu-ray wakapunguza wakaweka herufi, Marekani ipo A, Ulaya na Afrika tuko B. Binamu yangu yupo Minneapolis alinitumia Blu-ray kama zawadi, nyingine zilifunguka maana hazikuwekewa kufuli, nyingine zikakataa katakata na mtu ametoa pesa yake na stempu. HD DVD haikuwa na kufuli la nchi hata moja. Diski ya Marekani inacheza Leicester bila swali, na ningependa watu wakumbuke hilo kabla ya kusema mfumo bora ulishinda, maana kwa mnunuzi wa kawaida mwenye familia iliyotawanyika huo ndo ulikuwa wema mkubwa kuliko GB 20 za ziada. Uvivu wa kuwaka, hapo sina wa kumtetea, deki za kizazi kile za mifumo yote miwili ukibonyeza unaenda jikoni unaweka chai ndo unarudi inasoma diski.

Sasa ilikuwaje ikafa. Mambo mengi yalijulikana wakati ule. PS3 ilitoka Novemba 2006 Japani na Marekani, hapa Uingereza Machi 2007 kwa pauni 425, na kila aliyenunua gemu akawa tayari ana Blu-ray ndani ya nyumba hata kama hakuiwazia. Toshiba wakapambana kwa bei, Novemba 2007 Wal-Mart Marekani walikuwa wanauza deki ya HD DVD chini ya dola 100 na watu wakapanga foleni. Tarehe 4 Januari 2008 Warner Bros. wakasema wanabaki na Blu-ray peke yake, Februari Wal-Mart nao wakafuata, siku chache baadaye likaja lile tangazo la Toshiba. Kwa hiyo bei haikuokoa, picha haikuokoa, kiwanda rahisi hakikuokoa. Ukikosa filamu kwenye rafu umekosa kila kitu, huo ndo ukweli niliouona, maana baada ya pale deki yangu ilibaki na filamu zilizokwisha kutoka tu na hakuna mpya itakayoongezeka milele.

Lakini swali langu, Blu-ray alimshinda nani? Alimshinda mgeni mwenzake. DVD alikuwa amekaa zake pembeni anatazama. Nenda duka lolote la hisani hapa Uingereza uone, DVD rafu zimejaa mpaka chini, Blu-ray kakona kadogo. Netflix walikuwa wanatuma diski kwa posta tangu 1998 na huduma hiyo wakaifunga Septemba 2023, Blu-ray imeshakuwepo miaka mingi, na bado zile bahasha nyekundu watu waliziita za DVD. Hata mimi hiyo deki yangu ya HD DVD kazi yake kubwa siku hizi ni kucheza DVD, na nasema bila kuficha ni deki bora ya DVD niliyowahi kumiliki, inaipandisha picha mpaka 1080 kwa ustadi ambao deki za madukani za bei rahisi haziugusi. Bongo Movie, filamu zetu za Tanzania, zile za enzi za marehemu mwigizaji Kanumba, ambazo kwenye TV ya chogo tulikuwa tunaona rangi zinachuruzika, kwenye hii deki unaona mpaka maua ya pazia la sebule walikoshutia. Nina boksi zima la DVD za Kariakoo na zinacheza zote.

Na walikuja wengine wengi wakidhani nafasi ipo. China walianza na EVD mwaka 2003, wakachukua diski ileile ya DVD wakabadilisha programu ya kukandamiza picha ili wakwepe kulipa ada za hataza kwa kila deki, haikwenda mbali. Ikaja VMD ya kampuni moja ya Uingereza, New Medium Enterprises, wazo lao mimi nililipenda sana, walibaki na leza nyekundu ya bei rahisi wakaongeza matabaka, GB 5 kila tabaka, manne yanakupa 20. Kihesabu ipo poa, ila studio kubwa za Hollywood hazikuwepo nyuma yao, sasa utacheza nini? Halafu 2009 CBHD, hii kiufundi ni HD DVD iliyozaliwa upya China kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, GB 15 na 30 zilezile, na safari hii Warner Bros. walikubali kuwatolea filamu, kwa hiyo kidogo walikuwa na kitu cha kuweka rafuni. Nilifuatilia sana hiyo kwa sababu nilitamani kuona deki yangu inapata ndugu. Haikutoka nje ya China, na ndani ya China kwenyewe watu waliendelea na DVD zao kisha wakahamia kwenye intaneti.

Mnaotoka nyumbani mnakumbuka DVD ilivyoingia. Tulikuwa na VCD, filamu moja diski mbili maana moja haizidi kama dakika 80, Part One inaisha pale patamu mtu anainuka kubadilisha na wote mnamfokea afanye haraka. Zile deki za Kichina za Kariakoo zilipokuja zilimeza kila kitu, DVD ya kanda yoyote, VCD za zamani, CD ya MP3 nyimbo mia na ushee, picha za harusi, baadaye wakaongeza na tundu la flashi. Hakuna aliyeambiwa atupe VCD zake. Mtu ananunua deki leo jioni anacheza diski alizonazo tangu zamani, kesho akipata DVD anaichanganya humohumo, na fundi wa mtaani anaijua, lensi ikichoka anakubadilishia kwa hela ya kawaida. Umeme ukienda na volti ikirudi vibaya ukaungua huo mzigo, unanunua mwingine bila kulia.

Mimi nilimpelekea kaka yangu Tanga deki ya Blu-ray, nzuri, chapa inayojulikana, nikampa na diski chache. Akazimaliza hizo chache, akasema picha ni hatari, siku nyingine napiga simu namuuliza vipi deki, akanijibu, "Mdogo wangu, deki nzuri, Mungu akubariki, ila diski zake nazipata wapi?" Na kweli, pale mtaani kuna kibanda cha kukodisha, kuna jamaa anauza Bongo Movie zenye stika ya kodi ya TRA, kuna za kutafsiriwa na madijei, zote DVD. Blu-ray haipo hata ya kuulizia bei. Deki ikabaki kucheza DVD, na tundu lake la flashi lilikuwa linachagua mafaili, muvi ambazo ile deki ya Kichina ya zamani ilikuwa inazifungua hii mpya inakataa. Baada ya muda shemeji akairudisha ya zamani mezani, mimi sikumlaumu, alikuwa na haki kabisa.

Kwa hiyo mtu akiniletea habari ya diski mpya mimi namuuliza mawili tu, inacheza nilizonazo, na filamu zipo? Hiyo 4K Ultra HD Blu-ray iliyotoka 2016 nimeijaribu, diski ya GB 66 au 100, picha imenivutia kuliko kitu chochote nilichowahi kuona nyumbani, na nafurahi kwamba safari hii makufuli ya nchi wameyaacha kama ilivyokuwa kwa HD DVD, tena deki zake zinapokea DVD na Blu-ray. Naipa alama za juu. Ila kumng'oa DVD, hapana, ni kitu cha wapenzi kama mimi, na watengenezaji wanaondoka, Samsung waliacha deki za Blu-ray 2019. Februari 2024 watafiti wa Shanghai walichapisha kazi yao ya diski yenye matabaka 100 inayobeba petabiti 1.6, yaani kama TB 200 kwenye diski ya saizi ya DVD, nikatumiwa na watu wengi wakiniuliza kama ndo mrithi kapatikana. Ni kazi kubwa na inastahili heshima, lakini ile ni ya kuhifadhi data kwenye maghala ya seva. Wanaomtoa DVD taratibu sebuleni ni flashi na simu, na hao wala si diski.

Kama unataka kununua sasa hivi, ushauri wangu chukua deki ya 4K, kabla hujalipa uliza kama upande wa Blu-ray na DVD umefungwa kwa kanda gani maana uhuru ule upo kwenye diski za 4K tu. Deki ya HD DVD nunua iliyotumika ikiwa tayari una diski zake, usianze upya leo. Na wenye diski za HD DVD kabatini, tafuteni ile draivu ya nje ya HD DVD iliyouzwa kwa ajili ya mashine ya gemu ya Xbox 360, inaunganishwa kwa USB na kompyuta ya kawaida inaitambua, nakilini filamu zenu kwenye hard disk ya kompyuta mapema, mkianza na zile ambazo zimeanza kuganda.